Mlima Kenya: Jinsi ya kusoma utabiri wa joto na kujikinga

MKAZI wa Nyeri au Nanyuki anaposikia redioni kwamba kiwango cha juu cha joto kitafikia nyuzijoto 28, aghalabu hashtuki. Lodwar huandikisha zaidi ya nyuzijoto 30 karibu kila siku ya mwaka, na watu wanaendelea na shughuli zao. Hata hivyo, tarakimu hiyo pekee haimwelezi mkazi wa mlimani kila anachopaswa kujua, hasa kati ya Januari na katikati ya Machi kabla ya mvua ya masika kuanza.

Huo ndio msimu wa kaskazi, pepo kavu zinazovuma kutoka kaskazini mashariki. Mawingu huwa haba na jua huwaka tangu asubuhi. Ikweta inapita karibu kabisa na mji wa Nanyuki, na ifikapo Machi 20 au 21 jua la adhuhuri huwa utosini. Uwazi huo huo wa anga ndio unaoruhusu joto la ardhini kupotea usiku, hata alfajiri katika nyanda za juu huwa na baridi kali na baadhi ya mashamba ya majani chai hushambuliwa na sakitu. Siku moja basi huwa na kipupwe na hari kwa pamoja.

Ni muhimu kufahamu namna kiwango cha joto kinavyopimwa. Kipimajoto huwekwa kivulini, ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu ya kupitisha hewa, kwa kimo kisichozidi mita mbili kutoka ardhini. Kwa hivyo nyuzijoto 28 za utabiri ni za kivulini. Anayelima bila kofia, anayechimba mawe au anayepaka rangi paa la mabati anakabiliwa na joto kubwa zaidi, na mwili unaofanya kazi ngumu huzalisha joto lake wenyewe.

Jambo la pili ni eneo. Katika taarifa zake, Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa huzikusanya kaunti za Nyeri, Kirinyaga, Murang'a, Embu, Meru na jirani zao katika kundi la Nyanda za Juu Mashariki mwa Bonde la Ufa. Ndani ya Kirinyaga pekee, mashamba ya mpunga ya Mwea yapo kwenye takriban mita 1,150 juu ya usawa wa bahari, ilhali mpaka wa kaunti unapanda hadi kileleni. Kwa kawaida joto hupungua kwa nyuzijoto 6.5 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mwea ikiwa na nyuzijoto 32, kijiji kilicho kwenye mita 1,800 kitakuwa na 28 hivi. Ni vyema basi kutafuta utabiri wa kaunti au wa mji ulio karibu badala ya kutegemea taarifa ya kanda nzima.

Lakini kupungua kwa joto hakumaanishi kupungua kwa makali ya jua. Kinyume chake, miale ya urujuanimno, ile isiyoonekana inayounguza ngozi na kudhuru macho, huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000. Kipimo cha miale hiyo kikifika 11 huhesabiwa kuwa cha hatari ya juu kabisa, na katika miinuko ya Ikweta hupita hapo mara nyingi adhuhuri ya Februari na Machi. Upepo baridi humfanya mtu asihisi anaungua. Wenye ulemavu wa ngozi ndio walio hatarini zaidi. Kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua kwao si anasa.

Jasho nalo hudanganya. Hewa ya mlimani ikiwa kavu, jasho hukauka mara tu linapotoka, na mtu hupoteza maji mengi huku shati likiwa kavu. Asingoje kiu. Rangi ya mkojo ni kipimo bora: ukiwa wa manjano iliyokolea, maji yamepungua mwilini.

Tatizo kubwa, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni mavazi. Mhudumu wa bodaboda aliyevaa jaketi nzito saa kumi na mbili asubuhi bado huwa nalo saa nane mchana. Wanafunzi hucheza uwanjani wakiwa na sweta. Zaidi ya wote ni watoto wachanga, ambao kwa desturi ya maeneo haya hufunikwa kofia ya sufu na shali mbili tatu hata jua likiwa kali. Mtoto mchanga hawezi kujifunua wala kusema. Mama amguse kifuani au shingoni; akiwa moto au ana jasho, ampunguzie nguo. Aliye chini ya miezi sita hahitaji maji, bali anyonyeshwe mara nyingi zaidi.

Wazee, na hasa wanaotumia dawa za shinikizo la damu zinazoongeza mkojo, wachungwe vilevile. Wasiache dawa bila kumwona daktari.

Kizunguzungu, kichefuchefu, mkakamao wa misuli na uchovu ni ishara za kwanza. Mhusika apumzike kivulini, alegezwe nguo na anywe maji kidogo kidogo. Akianza kupayuka, kuchanganyikiwa au kuzirai huku mwili ukiwa moto sana, hiyo ni dharura inayoweza kuua. Apelekwe hospitalini mara moja, na wakati usafiri unatafutwa amwagiwe maji baridi na kupepewa. Asinyweshwe chochote ikiwa hana fahamu. Dawa za kutuliza homa hazisaidii hapa.

Wapagazi na wakwea mlima wanaotumia njia za Naro Moru na Sirimon wana tahadhari ya ziada, kwani maumivu ya kichwa yatokanayo na jua hufanana na yale ya kupanda juu upesi mno. Yasipotulia kwa maji na mapumziko, mgonjwa asiendelee kupanda, na yakizidi ateremshwe bila kungoja mapambazuko.