Noeli Iliyokuwa Siku ya Kazi

Wazee wetu wangali wanaikumbuka miaka ile. Mwaka 1972 serikali ya Rais Mobutu ilikataza majina ya ubatizo yenye asili ya kigeni. Mwaka 1974 iliondoa Noeli katika sikukuu za nchi, na mwisho wa mwaka huohuo ikatwaa masomo ya Kanisa. Katekisimu ikatolewa darasani, siasa ya MPR ikaingia mahali pake.

Basi tarehe 25 Desemba baba alikwenda kazini kama siku zote. Wengi waliogopa, wala tusiwacheke. Mbele ya watu mtu aliitwa kwa jina la babu yake (nalo ni jina la heshima, ubaya ulikuwa kulazimishwa), bali mbele ya Mungu jina la ubatizo halikufutika.

Tumaini lilikaa wapi? Lilikaa nyumbani, na katika jumuiya ndogo ambazo maaskofu wa Kongo walizichagua tangu 1961. Mwaka 1976 Askofu Mkuu Eugène Kabanga aliwaandikia waamini wa Lubumbashi barua yenye jina «Mimi ni mtu», akikemea rushwa na tamaa ya fedha bila kuzungukazunguka.

Mwaka 1977 masomo yalirudishwa mikononi mwa Kanisa. Mwezi wa Agosti 1985 Papa Yohane Paulo II alimtangaza Anuarite kuwa mwenyeheri huko Kinshasa, kisha akafika hapa Lubumbashi. Akapokelewa na wakristu ambao, miaka michache nyuma, walisherehekea Noeli baada ya kutoka kazini.