Ndiyo na La: Historia ya Vielelezo Visivyo na Vipimo katika Elimu ya Viumbe

Mwanasarufi aelezaye upatanisho wa maneno hahitaji kupima nguvu ya sauti ya msemaji; yamtosha kujua ni neno lipi litawalalo jingine. Katika elimu ya viumbe nako imekuwapo, kwa zaidi ya miaka 50, njia inayofanana na hiyo: kuacha vipimo vya kiasi, na kuuliza tu ni kipi kinachoamsha kipi, na kipi kinachozuia kipi.

Chanzo chake ni kazi ya Wafaransa wawili, François Jacob na Jacques Monod. Mwaka 1961 walieleza, kwa kuchunguza bakteria aishiye matumboni, jinsi jeni moja iwezavyo kuzuiwa na zao la jeni nyingine. Tangu hapo jeni ikaweza kufikiriwa kama taa, inayowaka au iliyozimwa. Lakini jeni za chembe moja ni maelfu, nazo hutawalana. Na kasi ya matendo yake mengi haikujulikana. Aliyetaka kuandika milinganyo kamili alikwama kabla ya kuanza.

Mwaka 1969 Mmarekani Stuart Kauffman aliviacha vipimo hivyo. Kila jeni aliipa hali mbili tu, 1 au 0, kwa kufuata mantiki ya George Boole wa karne ya 19. Akaziunganisha kwa bahati nasibu, kisha kompyuta ikafuata mwendo wake. Aliona kwamba, kila jeni inapotawaliwa na jeni mbili, mtandao hautangitangi, bali hutulia katika mizunguko michache. Akadai kuwa idadi ya mizunguko hiyo hukaribia kipeuo cha pili cha idadi ya jeni, na kwamba kila mzunguko ni mfano wa aina moja ya chembe. Dai hilo lilipendeza, lakini halikudumu. Mwaka 2003 Samuelsson na Troein walithibitisha kwamba idadi hiyo hukua kwa kasi kubwa zaidi. Majaribio ya awali yalikuwa yameona sehemu ndogo tu ya hali zote.

René Thomas wa Brussels alishika njia nyingine. Tangu mwaka 1973 aliandika mantiki ya mitandao halisi, hasa ule wa virusi lambda, ambaye akiingia katika bakteria ama huzaana na kumwua, ama hujificha ndani yake kwa utulivu. Mwaka 1981 alitoa kanuni mbili. Palipo na uchaguzi kati ya hali mbili za kudumu, hapana budi uwepo mzunguko ambao vizuizi vyake ni shufwa. Palipo na mapigo yasiyokoma, hapana budi uwepo ule ambao vizuizi vyake ni witiri. Katika lambda jeni mbili huzuiana. Itanguliayo kushika nguvu hubaki nayo. Baadaye wanahisabati walizithibitisha kanuni hizo.

Mtihani mkubwa ulikuja kwa inzi wa matunda. Mwaka 2000 von Dassow na wenzake walitumia milinganyo yenye karibu vipimo 50 visivyojulikana. Walipovikisia ovyo, takriban kisio 1 katika 200 lilifaa, kiasi kikubwa kuliko ilivyotazamiwa. Mwaka 2003 Albert na Othmer waliondoa vipimo vyote, na bado mtandao wa ndiyo na la ulitoa mistari ile ile ya kiinitete. Mwaka uliofuata, katika hamira, mtandao wa vipengele 11 ulichunguzwa katika hali zake zote 2,048. Kati ya hizo 1,764 ziliishia katika hali moja ya mapumziko.

Mambo hayo yaonyesha kwamba mara nyingi mpangilio ndio ubebao tabia ya mtandao, wala si kiasi. Hata hivyo njia hii ina mpaka wake. Kila jeni inayoongezwa huzidisha hali maradufu: jeni 20 zina hali 1,048,576, na za jeni 100 hakuna kompyuta iwezayo kuzipitia moja moja. Kwa hiyo mitandao mikubwa hupunguzwa kwanza, au hutafutwa hali zake tulivu pekee. Wala kielelezo cha namna hii hakiwezi kusema dawa itolewe kiasi gani. Huonyesha tu mahali panapostahili kupimwa.