Shaba ya Wasumbwa na Joto la Prosesa

Masumbwe iko kando ya barabara kuu inayotoka Kahama kwenda Ushirombo, Nyakanazi na mpakani Rusumo. Kwa miaka mingi ilihesabiwa katika Wilaya ya Bukombe, Mkoa wa Shinyanga. Tangu 2012 ni ya Wilaya ya Mbogwe, katika Mkoa mpya wa Geita. Anayeitaja leo hutaja dhahabu ya wachimbaji wadogo, mpunga na biashara ya barabarani. Lakini katikati ya karne ya 19 nchi hii, Usumbwa, ilisifika kwa madini mengine, tena yasiyochimbwa hapa. Wasumbwa walikuwa watu wa shaba.

Naanzia kwenye shaba kwa sababu nataka kufika kwenye kipozajoto cha prosesa, kile kifaa kinachokaa juu ya moyo wa kompyuta ya mezani ili usiungue. Ukikivua feni, kinachobaki ni mirija ya shaba na mapezi ya alumini. Mtu anayetaka kukichagua vizuri lazima aijue shaba kwanza, na Masumbwe ina haki ya kuisimulia habari hiyo kama ya kwake.

Njia ya kwenda Katanga, nchi ya shaba iliyo katika Kongo ya leo, ilikuwa ya miezi mingi. Misafara ilishuka kusini-magharibi, ikapita nchi ya Kazembe kwenye mto Luapula, ndipo ikafika kwenye vilima vyenye mawe ya kijani yanayotoa shaba. Wasumbwa walipeleka nguo na shanga; walirudi na shaba, chumvi na pembe za ndovu. Mmoja wa wafanyabiashara hao alikuwa Kalasa. Mwanawe Ngelengwa alifuata nyayo zake miaka ya 1850, ila yeye hakurudi. Kwa bunduki, kwa ndoa na kwa ujuzi wa kupatanisha na kugombanisha wakubwa wa huko, alijijengea dola iliyoitwa Garenganze, makao yake makuu yakiwa Bunkeya. Dunia ilimjua kwa jina la Msiri, na watu wake wakaitwa Wayeke. Biashara yake ilifika Tabora na pwani ya mashariki, na upande wa pili ikafika Benguela kwenye bahari ya Atlantiki. Haikuwa biashara ya shaba tu: pembe na watumwa walipita njia hizohizo, na utajiri wa Bunkeya ulikuwa na machozi ya watu wengi ndani yake.

Wenyeji wa Katanga, Wasanga miongoni mwao, walikuwa wakiyeyusha shaba karne nyingi kabla Msiri hajazaliwa. Kazi ilifanyika kiangazi. Mawe ya kijani yalipangwa na makaa katika tanuri dogo la udongo wa kichuguu, mivukuto ikapulizwa mpaka shaba ikachuruzika. Ilimiminwa katika kalibu, na umbo lililopendwa zaidi lilikuwa la msalaba. Wafua shaba wa Kiyeke waliendeleza kazi nyingine iliyonivutia kuliko zote: kuvuta waya. Walichukua ufito wa shaba, wakaupitisha kwa nguvu kwenye tundu la bamba la chuma, kisha kwenye tundu dogo zaidi, na dogo zaidi tena, hadi waya ukawa mwembamba wa kuzungushia bangili na vikuku. Shaba hukubali kunyooshwa, kukunjwa na kubanwa bila kupasuka, na ukiishika ncha moja wakati nyingine iko motoni, joto hufika mkononi upesi. Sifa hizi mbili, ulaini na wepesi wa kupitisha joto, ndizo zitakazoibeba hadithi hii hadi ndani ya kompyuta.

Dola ya Msiri haikudumu. Mwaka 1891 msafara wa Kapteni William Stairs, uliotumwa kwa maslahi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, ulitoka pwani ya Zanzibar na wapagazi wengi wa huko, ukapita Tabora, ukavuka Ziwa Tanganyika na kuingia Bunkeya katikati ya Desemba. Msiri alikataa bendera yao. Tarehe 20 Desemba, Kapteni Omer Bodson alimpiga risasi akafa. Bodson naye aliuawa. Mwaka 1906 iliundwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, na mwaka 1911 tanuri lake la kwanza la Lubumbashi likaanza kutoa shaba. Ukoo wa Msiri haukupotea. Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga ilipojitenga mwaka 1960, alikuwa mjukuu wake. Shaba yenyewe imekuwa ikitoka hadi leo, na sehemu kubwa hupita Tunduma kwenda bandari ya Dar es Salaam, kutoka huko ikachanganyika na shaba ya dunia nzima.

Viwandani, shaba hiyo ilipata kazi ambayo mfua waya wa Bunkeya hangeibuni. Mwaka 1944 Richard Gaugler wa kampuni ya magari ya General Motors alipewa hataza ya mrija uliofungwa pande zote, wenye kimiminika kidogo ndani, kwa ajili ya majokofu. Wazo lilikaa kabatini. Mwaka 1963 George Grover, katika maabara ya Los Alamos nchini Marekani, aliligundua upya na kulifanya lifanye kazi, na mwaka 1967 mrija wa namna hiyo ukajaribiwa angani.

Siri yake ni hii. Mrija wa shaba hutolewa hewa, ukatiwa maji kidogo, ukazibwa. Kwa kuwa hewa haimo, maji huchemka kwa joto dogo. Upande ulio kwenye moto hugeuza maji kuwa mvuke. Mvuke hukimbilia upande wa baridi, hugeuka maji tena na kuliacha joto pale. Maji hurudi yakinyonywa na utando wa chembe za shaba uliotandikwa ndani ya ukuta wa mrija, kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa kibatari. Mzunguko huo hauna pampu wala sehemu inayosagika. Mrija mwembamba kama kidole hubeba joto upesi mara nyingi kuliko ufito mzima wa shaba wa unene huohuo, ingawa shaba yenyewe, miongoni mwa metali safi, inazidiwa na fedha peke yake kwa kupitisha joto.

Kompyuta kwa wakati huo ziliwaka moto kwa namna zake. Mashine kubwa za IBM za miaka ya 1960 zilihitaji vyumba vyenye viyoyozi, na System/360 Model 91 ilipozwa kwa maji. Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, Wizara ya Fedha. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni, na kwa miaka mingi zilizokuwamo nchini zilihesabika kwa vidole. Katika kipindi hicho dunia ilivuka hatua muhimu. Kompyuta binafsi ya IBM ya mwaka 1981 haikuwa na feni juu ya prosesa, haikuihitaji. Prosesa ya Pentium ya mwaka 1993 ilikula wati kama 15, na feni ndogo ikawa jambo la kawaida. Kwa hiyo kompyuta za mezani zilipoanza kuenea Tanzania miaka ya 1990, wengi wetu tulizipokea zikiwa tayari na feni vifuani, tusijue kwamba mtindo huo ulikuwa mpya.

Kisha mbio zikaanza. Watengenezaji walipandisha kasi mwaka hadi mwaka, na joto likapanda nayo. Mwaka 2004 Intel ilifika kwenye Pentium 4 za kundi la Prescott, ambazo za juu zilikula wati 115, na mwaka huohuo ikaifuta prosesa iliyokuwa ifuate. Njia ya kuongeza kasi tu ilikuwa imegota ukutani, na ukuta huo ulikuwa joto. Baada ya hapo viini vya prosesa viliongezwa idadi badala ya kila kimoja kukimbizwa. Joto lilitulia kidogo, halafu likarudi: Core i9-13900K ya mwaka 2022 inaruhusiwa kufika wati 253, na Ryzen 9 7950X ya AMD ya mwaka huo imeundwa kufanya kazi hadi nyuzi 95.

Mirija ya Grover iliokoa jahazi. Bonge la alumini lenye feni juu halikuweza tena, basi mafundi wakasimamisha mnara: kitako cha shaba juu ya prosesa, mirija ya shaba ikipanda kutoka humo, na mapezi membamba ya alumini yakipangwa kuanzia chini hadi juu ili feni ipulize kati yake. Alumini haipitishi joto kama shaba, lakini ni nyepesi mara tatu na ushei, ndiyo maana mapezi si ya shaba. Kampuni ya Noctua ya Austria, iliyoanza mwaka 2005, ilitoa NH-D14 mwaka 2009 na NH-D15 mwaka 2014: minara miwili, mirija sita, feni mbili, urefu milimita 165 na uzito wa kilo 1.32. Kwa miaka mingi hicho kilikuwa kipimo ambacho wengine walipimwa nacho. Baadaye Thermalright walileta Peerless Assassin 120 SE, nayo yenye minara miwili na mirija sita, ikikikaribia sana kile cha Noctua kwa bei isiyofika nusu yake. DeepCool AK620 ni ya ukoo huohuo.

Sasa tuje Masumbwe. Anayehitaji kifaa cha namna hii hapa ni mhariri wa video za harusi, mwenye studio ya muziki, au mtaalamu wa miamba anayechora ramani za mwamba wa dhahabu. Mashine yake hufanya kazi nzito kwa saa nyingi mfululizo, na anapaswa kuchagua kwa kuangalia hewa ya mahali alipo kwanza, kisha shaba, kisha mengine.

Kipozajoto cha hewa hakiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la chumba. Kinachofanya ni kupunguza tofauti kati ya hivyo viwili. Ikiwa kwenye chumba cha nyuzi 23 prosesa inatulia kwenye 75, basi mchana wa Septemba au Oktoba, chumba kikiwa nyuzi 33 kabla mvua hazijaanza, itafika karibu 85 kwa kazi ileile. Vipimo vingi vinavyosifu vifaa hivi hufanywa kwenye vyumba vya baridi, na mnunuzi wa huku aongeze hizo nyuzi kumi kabla ya kuamini. Uwanda wetu pia uko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya kumi kuliko Dar es Salaam, kwa hiyo kila mzunguko wa feni hubeba joto pungufu kidogo. Si jambo la kutisha, ila ni sababu nyingine ya kununua kilicho kikubwa kidogo kuliko mahitaji.

Kwa prosesa ya wati 65 kama Ryzen 5 7600, kipozajoto kinachokuja nayo kinatosha kazi za ofisi, na mnara mmoja wenye mirija minne utaitunza hata kwenye video. Kwa ya wati 120 hadi 170, chukua minara miwili na mirija sita. Kwa ile ya wati 253 ikifanya kazi bila kupumzika, mnara wa hewa huanza kulemewa, na ushauri wangu ni kubadili prosesa, au kuipunguzia wati kwenye mipangilio ya mazabodi. Hasara ya kasi huwa ndogo kuliko watu wanavyohofu. Vipozajoto vya maji vipo na vinafanya vizuri. Lakini vina pampu, na pampu ikifa kifaa chote hutupwa. Mahali ambapo kipuri huagizwa Mwanza au Dar, sivishauri.

Vumbi ndilo adui mkubwa kuliko joto. Kiangazi, vumbi jekundu la barabara za pembeni hupenya kila tundu na kujaza nafasi kati ya mapezi, na mnara wa bei kubwa uliozibwa hushindwa na mdogo uliosafishwa. Tafuta mapezi yasiyobanana sana, na kasha lenye chujio mbele linalotoka na kuoshwa. Unaposafisha, zuia feni kwa kidole isizunguke.

Pima kasha kabla ya kulipa. Kifaa cha milimita 165 hakiingii kwenye makasha mengi ya kawaida, ilhali cha Peerless Assassin ni 155. Angalia kama feni ya mbele haitagonga vijiti virefu vya kumbukumbu (RAM), na kama vishikizo ni vya soketi yako: vya soketi ya AM4 ya AMD kwa kawaida hufaa AM5, ila vya Intel hubadilika. Na kama mashine imeunganishwa Kahama au Mwanza, mwambie fundi aufungue mnara usafiri peke yake. Zaidi ya kilo moja ikining'inia kwenye mazabodi nyuma ya bodaboda inaweza kuivunja. Ukifika, futa pesti ya zamani ya kupitisha joto juu ya prosesa, weka mpya kiasi cha punje ya mbaazi, kaza skrubu kwa mkingamo.

Mirija ya shaba haichakai; iliyofungwa vizuri itapitisha joto muda mrefu kuliko prosesa yenyewe. Kinachokufa ni feni. Chagua basi mnara unaotumia feni ya kawaida ya milimita 120, inayoshikwa kwa waya na si kwa umbo la kampuni moja, ili siku ikianza kukwaruza uipate dukani Kahama na kuibadilisha mwenyewe jioni hiyohiyo.