Kamati ya Watu Saba

Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ni siku za kaka yangu. Huondoka nyumbani alfajiri, hulala saa nne kando ya mashine, damu ikitoka mwilini kwa mrija mmoja na kurudi kwa mwingine, kisha hurudi amechoka kama mtu aliyelima ekari nzima kwa jembe la mkono. Mara nyingi mimi ndiye ninayekaa naye. Katika kukaa huko nikaanza kujiuliza: ni nani hasa aliyethubutu kwanza kusema kwamba mtu ambaye figo zake zimekufa anaweza kuendelea kuishi?

Kwa kawaida sifa hupewa Willem Kolff, daktari Mholanzi, naye kwa hakika anastahili. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, nchi yake ikiwa imetekwa na Wajerumani, aliunda mashine yake katika mji mdogo wa Kampen kwa vitu alivyoweza kuviokota. Alichukua selofani ya kufungia soseji, akaizungushia kwenye pipa la vipande vya mbao, na pipa hilo likazunguka ndani ya beseni la maji yenye chumvi. Alianza kutibu watu mwaka 1943, na karibu wote wa mwanzo walikufa. Mwaka 1945 mwanamke wa miaka 67 alizinduka, akaishi miaka mingine kadhaa. Lakini, msomaji, mashine hiyo ilikuwa ya kuvusha tu. Iliwafaa wale ambao figo zao zimepata mshtuko na zitapona zenyewe baada ya siku chache. Aliyeharibikiwa figo polepole kwa miaka mingi haikumsaidia, maana kila ilipotumika mishipa ilibidi ikatwe upya, na mwili wa binadamu hauna mishipa ya kukatwa kila wiki.

Kikwazo hicho ndicho kilichomkosesha usingizi Belding Scribner, daktari wa Seattle, Marekani. Alikuwa amemtibu mtu aliyeletwa akiwa hoi, akapata nafuu, kisha ikagundulika kwamba figo zake hazitapona kamwe. Ikabidi arudishwe kwao kufa. Scribner akawaza: kwa nini mirija isiachwe palepale mkononi? Ncha moja iwe katika ateri, nyingine katika vena, na mashine isipotumika ziunganishwe kwa kipande chenye umbo la herufi U ili damu ipite bila kuganda. Fundi Wayne Quinton aliitengeneza mirija hiyo kwa Teflon, ambayo damu haiigandi kwa urahisi. Tarehe 9 Machi 1960 iliwekwa katika mkono wa Clyde Shields, fundi wa mashine mwenye miaka 39. Shields aliishi miaka 11 zaidi.

Basi hapo ndipo taabu ya namna nyingine ilipoanza. Mwaka 1962 kituo cha kwanza cha kusafisha damu za wagonjwa wa kudumu kilifunguliwa Seattle kikiwa na vitanda vichache mno. Madaktari waliwaondoa kwanza wasiofaa kitabibu, na waliobaki bado walizidi nafasi. Wakaundiwa kamati ya watu saba: mwanasheria, kasisi, mwenye benki, mama wa nyumbani, ofisa wa serikali, kiongozi wa wafanyakazi na daktari mpasuaji. Majina yao yalifichwa. Wao waliuliza mtu ana watoto wangapi, ana kazi gani, ana mali kiasi gani, amesoma hadi wapi, ana msimamo gani wa moyo. Mwaka huohuo mwandishi Shana Alexander aliieleza kamati hiyo katika gazeti la Life, na watu wengi walishtuka.

Mimi sikushtuka. Nimekaa katika kamati kama hiyo, chini ya mwembe. Miaka miwili kabla ya kaka, shangazi yetu aliambiwa kwamba figo zimekwisha. Ukoo ukaitwa. Baba mdogo akauliza: ana watoto? Hana. Anamtunza nani? Hamtunzi mtu. Basi wazee wakasema tumwachie Mungu, na shamba la bondeni likabaki salama. Kaka alipougua kikao kilikuwa kilekile, maswali yalikuwa yaleyale, ila yeye ana watoto wanne na mshahara. Shamba likauzwa. Katika kikao cha kwanza sikusema neno.

Seattle waliondokana na kamati yao kwa njia mbili. Moja ni ukaidi. Binti mmoja aliyekataliwa kwa kuwa hajafikisha miaka 18 aliundiwa mashine ya nyumbani mwaka 1964 na mhandisi Albert Babb na wenzake, na kutoka hapo tiba ikaanza kutoka nje ya vituo. Ya pili ni sheria. Mwaka 1971 mgonjwa Shep Glazer aliunganishwa na mashine mbele ya wabunge wa Marekani, na mwaka uliofuata, 1972, serikali ikakubali kuwalipia karibu wagonjwa wote wa figo zilizokufa. Walikuwa yapata 10,000. Leo wanaosafishwa damu nchini humo wanapita 500,000, na gharama imekuwa mzigo ambao hakuna aliyeutazamia.

Kwetu Tanzania figo ya kwanza ilipandikizwa Muhimbili mwaka 2017. Ni jambo la fahari. Lakini kinachoniuma ni miaka iliyotangulia mashine. Kaka alijulikana ana shinikizo la damu kwa miaka tisa. Alipimwa mkono kila alipokwenda zahanati. Mkojo wake haukupimwa protini hata mara moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 1993 ulikwisha kuonyesha kwamba kaptopuli, kidonge cha shinikizo, huchelewesha kufa kwa figo za wenye kisukari, na tangu 2019 dawa mpya za kisukari zimeonekana kuzilinda figo pia. Karatasi ya kupimia mkojo ni kitu kidogo. Haihitaji kuuza shamba.

Siku hizi mirija ya Scribner haitumiki. Mwaka 1966 madaktari wa New York, Brescia na Cimino pamoja na wenzao, walitangaza njia ya kuunganisha ateri na vena chini ya ngozi, ili vena inenepe na kustahimili sindano. Huitwa fistula, jina ambalo kwetu watu hulihusisha zaidi na madhara ya uzazi, hata shemeji alipolisikia mara ya kwanza alidhani daktari amekosea faili. Kaka anayo katika mkono wa kushoto. Ukiuweka mkono wako juu yake unasikia mtetemo, kama paka anayekoroma. Kila usiku kabla ya kulala huuita mkono wangu, nami huupapasa, na nikiusikia namwambia upo.