Wilson Alikuwa Mtoto wa Nani?

Marehemu baba yangu aliitwa Wilson. Hapa Tangini, Kibaha, ukishuka Maili Moja ukamwuliza bodaboda wa siku nyingi nyumba ya fundi Wilson, hakuulizi mara mbili, anakuwasha moto mpaka mlangoni. Alikuja hapa miaka ya sabini akitokea Muheza, akiwa seremala, na hata leo mlango wa nyumba yetu ni kazi ya mkono wake. Jina hilo halikuwahi kumpa mtu shida yoyote. Shida ilianza alipokufa.

Tulikwenda kufuatilia stahiki zake, mimi na kaka yangu mkubwa. Siitaji ofisi. Yule dada wa dirishani alipokea vyeti vyetu, akavipanga mezani kama mtu anayecheza karata, akatutazama mmoja mmoja. Cheti changu cha shule kina majina mawili: langu na Wilson. Cha kaka kina matatu: lake, Wilson, na jina la babu. Akasema, kwa upole kabisa, "Ndugu zangu, huyu ni wa ukoo wa Wilson. Huyu ni wa ukoo mwingine. Mtanithibitishiaje kuwa ni watoto wa mtu mmoja?"

Tulicheka. Yeye hakucheka. Ilituchukua miezi, kikao cha ukoo, muhtasari, barua ya serikali ya mtaa na viapo viwili kuthibitisha kwamba tumelala kitanda kimoja utoto wetu wote. Katika miezi hiyo ya foleni nilipata muda mwingi wa kujiuliza: hivi ukoo wa Wilson ni upi? Nikaanza kusoma. Ninachokuandikia hapa, msomaji, ni matunda ya foleni.

Tuanze na jina lenyewe. Wilson ni jina la ukoo la Waingereza na Waskoti, na maana yake haijajificha: ni mtoto wa kiume wa Will. Will ni kifupi cha William, na William ni jina la Kijerumani cha kale lililoungwa kwa maneno mawili, moja la nia na jingine la kofia ya chuma ya vitani. Uingereza lilishamiri baada ya mwaka 1066, pale William, mtawala wa Normandy, alipovuka bahari na kuiteka nchi. Unajua watu walivyo: mfalme mpya akija na jina lake, baada ya vizazi vichache kila nyumba ina mtoto wa jina hilo. William likawa miongoni mwa majina ya kiume yaliyoenea kupita yote.

Sasa kijiji kikiwa na akina William kumi, utamtofautishaje mmoja na mwingine? Huyu ataitwa kwa kazi yake, yule kwa kilima anachokaa, wa tatu kwa rangi ya nywele, wa nne kwa baba yake. Hayo ndiyo mafungu manne makubwa ya majina ya ukoo ya Kiingereza. Smith ni mhunzi, Taylor ni fundi cherehani. Hill ni wa kilimani, Wood ni wa msituni. Brown ni wa rangi ya kahawia. Na fungu la baba ndilo lenye Johnson, Robertson, Jackson, Nelson na huyu Wilson wetu. Kutoka William peke yake wametoka Williams, Williamson, Wilkins, Wilkinson, Wilcox na Wills. Kusini mwa Uingereza walipenda kuongeza herufi s tu mwishoni. Kaskazini na Uskoti walipenda -son, na wengi huihusisha tabia hiyo na watu wa Skandinavia waliohamia huko karne nyingi nyuma.

Hapo mwanzo, Wilson alikuwa kweli mtoto wa Will. Mtoto wake yeye, kama aliitwa Tom, hakuwa Wilson. Alikuwa Tom mtoto wa fulani. Jina lilikuwa linatembea, kila kizazi linasogea hatua moja, sawasawa na sisi watu wa Pwani tunavyosema Juma bin Omari, na mtoto wa Juma akawa bin Juma. Kilicholisimamisha ni karatasi. Urithi wa ardhi ulitaka jina linalodumu. Kodi ya kichwa ya miaka ya 1377 hadi 1381 ilitaka orodha. Ilipofika karibu mwaka 1400 familia nyingi za Uingereza zilikuwa na jina la kurithi. Kisha mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa mfalme Henry wa Nane, akaamuru kila parokia iwe na daftari la ubatizo, ndoa na mazishi. Ukishaandikwa kwenye daftari, umeandikwa. Mjukuu wa kitukuu wa Will akabaki kuwa mtoto wa Will, hata kama baba yake mzazi aliitwa Peter.

Kwa hiyo leo Wilson ni jina la umati. Uingereza limo katika majina kumi ya ukoo yanayoongoza. Uskoti liko juu zaidi, nyuma ya Smith na Brown. Marekani, sensa ya mwaka 2000 ililiweka nafasi ya kumi, likiwa na watu zaidi ya 780,000. Limetoa rais mmoja wa Marekani, Woodrow Wilson, na waziri mkuu mmoja wa Uingereza, Harold Wilson.

Wengine walichelewa kulisimamisha jina. Wales waliendelea kuhesabu baba na babu kwa neno lao ap, yaani bin, mpaka makarani wa Kiingereza walipochoka. Ap Rhys akabanwa akawa Price, ap Hywel akawa Powell. Denmark iliagiza majina ya kudumu mwaka 1828. Sweden ikafuata kwa sheria ya mwaka 1901. Iceland wamegoma hadi leo: mtoto huchukua jina la baba au mama yake, na kitabu chao cha simu kilikuwa kinapangwa kwa jina la kwanza.

Nataja Skandinavia kwa sababu Kibaha tunadaiana nao. Shirika la Elimu Kibaha lilianza mwaka 1963 kama mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki, zikiwemo Denmark, Finland, Norway na Sweden, na likakabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1970. Nimewahi kufikiria akina Hansen na Johansson waliopita Tumbi wakiandika majina ya vijana wa Kitanzania kwenye fomu zenye kisanduku cha jina la ukoo. Hansen, mtoto wa Hans. Babu zao wa mbali wangemwelewa Juma bin Omari bila mkalimani. Wao tayari walikuwa wameshasahau.

Lakini hilo halijajibu swali langu. Wilson ni jina la ukoo. Limekuwaje jina la kwanza la seremala kutoka Muheza?

Kumbe Waingereza wenyewe ndio walioanza. Tangu zamani familia za wakubwa zilimpa mtoto jina la ukoo wa mama lisipotee, na karne ya 19 mtindo huo ukashuka mitaani. Wakampa mtoto jina la shujaa: Nelson, kwa heshima ya yule amiri jeshi wa majini aliyekufa Trafalgar mwaka 1805. Wamishenari na walimu wakayaleta yote huku, bila kutenganisha lipi la mtu na lipi la ukoo. Mandela amesimulia kwamba alipewa jina la Nelson na mwalimu wake siku ya kwanza ya shule. Hapa kwetu fungua daftari la mahudhurio la darasa lolote: Jackson, Dickson, Benson, Nelson, Edson. Samson asikudanganye, huyo ni wa Biblia, ni Mwebrania, -son yake haina mtoto ndani yake.

Kuna waliopewa jina zima, la kwanza na la ukoo, kama suti. Hapo Bagamoyo, mkoa wetu huu huu wa Pwani, Februari 1874 ulifika mwili wa David Livingstone, umebebwa kwa miguu kutoka kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Miongoni mwa waliouleta alikuwemo kijana wa Kiyao, Jacob Wainwright. Alikuwa ameokolewa utumwani na kusomeshwa na wamishenari huko Nasik, India. Ndiye aliyechonga maandishi kwenye mti pale moyo wa Livingstone ulipozikwa. Ndiye aliyesafiri na jeneza mpaka London, akawa mmoja wa walioshika jeneza katika mazishi ya Westminster Abbey, tarehe 18 Aprili 1874. Alifariki Urambo mwaka 1892.

Wainwright ni jina la fungu la kazi: maana yake ni fundi wa mikokoteni. Mtu huyu alitembea zaidi ya kilomita elfu moja na mia tano na mzigo begani, kwenye njia ambazo mkokoteni haukuwahi kupita, akiwa na jina la ukoo wa waunda mikokoteni. Kila nikipita barabara ya Bagamoyo namkumbuka. Sisi akina Wilson angalau tulijichagulia wenyewe.

Naam, tulijichagulia. Bibi alinisimulia kwamba babu alilipata jina hilo kwa mwalimu aliyemfundisha kusoma. Nilitegemea mzungu mwenye kofia. Bibi akanicheka. Mwalimu alikuwa Mbondei, mtu wa kijiji cha jirani, Wilson lilikuwa jina lake la ubatizo. Babu alimpenda, akampa mtoto jina la mwalimu. Basi. Hakuna Will, hakuna mfalme, hakuna Normandy. Kwetu Wilson maana yake ni mtu aliyemfundisha babu herufi.

Wapenzi wa fasihi mnaosoma hapa mna mfano mkubwa kuliko wangu. Shaaban Robert (1909–1962), mwana wa Tanga, aliitwa pia Shaaban bin Robert. Hiyo bin inatosha kueleza: Robert si ukoo, ni kinachofuata baada ya mtoto wa. Lakini ingia maktaba za Ulaya na Marekani, utamkuta kwenye herufi R: Robert, koma, Shaaban. Amepangwa pamoja na akina Roberts na Robertson, kana kwamba ni binamu yao. Mtu huyo huyo ndiye aliyeandika wasifu wa Siti binti Saad, mwanamke ambaye jina lake linasema wazi: binti wa Saad. Karani wa maktaba amefanya kwa Shaaban kile kile ambacho dada wa dirishani alitufanyia sisi. Wote wawili walikuwa wanatafuta neno la mwisho kwenye mstari, na neno la mwisho wakaliita ukoo.

Nilidhani mambo yameishia pale kwenye viapo. Mwaka huu nimepata mtoto wa kike. Fomu ya cheti cha kuzaliwa imelala mezani wiki tatu. Kaka anapiga simu kila Jumapili: "Andika jina la babu. Watoto wangu wanalo, wako asipokuwa nalo kesho watahangaika kama sisi. Wilson si jina la ukoo, Wilson ni jina la baba." Hoja yake ina uzito. Mimi ndiye niliyepanga foleni, najua gharama yake.

Nikampelekea mama kesi hiyo. Alikuwa anachambua mchicha uani, hakuinua hata kichwa.

"Na hilo la babu yenu nani kawaambia ni la ukoo?" akasema. "Lilikuwa jina lake tu. Baba yake aliitwa jina lingine, na babu yake lingine. Nyie mmeishia kwake kwa kuwa ndipo karani alipoishia."

Nikanyamaza. Miezi yote ile ya kusoma kuhusu kodi za kichwa na madaftari ya parokia, na jibu lilikuwa uani linachambua mchicha. Will naye hakuwa ukoo. Alikuwa mtu mmoja, pengine naye fundi, ambaye mwanawe aliandikwa siku ambayo karani aliamua kuacha kuhesabu.

Mama akaendelea, "Kwa hesabu ya kwetu, mtoto ana jina lake, la baba yake, la babu yake. Babu wa huyu mtoto ni nani?"

"Wilson."

"Sasa unauliza nini, mwanangu?"

Jioni ile nilijaza fomu: jina la binti yangu, jina langu, Wilson. Kaka nimemwambia, hakufurahi, na sidhani kama amekosea. Iko siku binti yangu na binamu zake watasimama mbele ya dirisha fulani na kuambiwa si wa ukoo mmoja. Kwa ajili ya siku hiyo nimenunua daftari gumu la kaunta. Ukurasa wa kwanza nimeandika majina ya wazee wa Muheza kwa kadiri mama anavyowakumbuka, bin kwa bin, mpaka kumbukumbu yake ilipogota. Chini ya jina la babu nimeandika Wilson, na pembeni yake nikaongeza mstari mmoja: amepewa jina la mwalimu.

Kesho naipeleka fomu.