Mzigo Usio na Kishikio: Historia Fupi ya Mgongo wa Muuguzi

Historia ya uuguzi huandikwa kwa kawaida kama historia ya usafi, dawa na vyuo. Ni nadra kukuta ukurasa unaozungumzia mgongo wa muuguzi mwenyewe, ingawa maumivu ya mgongo, mabega na shingo yamewaondoa wengi kazini kabla ya umri wa kustaafu. Insha hii inafuatilia swali moja: muuguzi anapoumia akimnyanyua mgonjwa, kosa ni la nani? Nitalifuatilia hasa Uingereza, kwa kuwa mjadala wa huko una kumbukumbu nyingi, na pia kwa kuwa uuguzi wa hospitali hapa Uganda ulifuata mtindo wa Kiingereza tangu wamisionari walipofungua hospitali ya Mengo mwaka 1897.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 jibu lilikuwa jepesi: kosa ni la muuguzi. Wanafunzi walifundishwa kukunja magoti, kunyoosha mgongo na kumweka mgonjwa karibu na mwili. Mitindo ya kunyanyua ilikuwa na majina yake. Mmoja uliitwa wa Australia: wauguzi wawili walipachika mabega yao chini ya makwapa ya mgonjwa, wakamwinua kwa pamoja. Aliyeumia aliambiwa kwamba aliinama vibaya. Somo hilo lilipendwa na waajiri, na sababu yake haifichiki: lilihitaji saa chache tu za darasa, bila kununua kifaa wala kuongeza mtu kwenye zamu.

Mwaka 1965 jarida la madaktari la The Lancet lilitoa hoja ambayo ilipaswa kumaliza ubishi. Lilieleza kwamba mwili wa mtu mzima ni mzigo wa ajabu: ni mzito, haukukazana, hauna mahali pa kushika, na ukiuangusha umeleta madhara makubwa. Tena umelazwa kitandani, mahali pabaya kabisa pa kuunyanyulia. Jarida liliona kwamba wafanyakazi wachache wa viwandani wangekubali kubeba mzigo uliowekwa namna hiyo. Mimi ningeongeza jambo moja: gunia halishtuki wala halikukamati shingoni linapoogopa kuanguka.

Mbona basi mambo hayakubadilika upesi? Sababu moja ni ya kisheria. Sheria za viwanda za Uingereza hazikuhesabu wodi kuwa kiwanda. Sheria ya usalama kazini ya mwaka 1974 ndiyo iliyowafikia wafanyakazi wa hospitali, lakini hospitali za umma ziliendelea kukingwa na Taji dhidi ya mashtaka, mpaka Bunge lilipopitisha sheria ya kuondoa kinga hiyo mwaka 1986. Sababu ya pili, kwa maoni yangu, ni kwamba kazi hii ilikuwa ya wanawake na iliitwa wito. Anayeitikia wito hatarajiwi kuuliza uzito wa mzigo.

Mwongozo wa kuwahudumia wagonjwa bila kuumia, uliohusisha chuo cha kifalme cha wauguzi, ulitoka mwaka 1981. Katika miaka hiyo hiyo watafiti wa Chuo Kikuu cha Surrey walianza kutilia shaka faida ya mafunzo ya kunyanyua. Hatua kubwa ilikuja na agizo la Ulaya la mwaka 1990, lililozaa kanuni za Uingereza za 1992 zilizoanza kutumika Januari 1993. Kanuni hizo ziligeuza mpangilio wa maswali. Kwanza mwajiri ajiulize kama kunyanyua kwa mikono kunaweza kuepukwa. Kama hakuepukiki, apime hatari, kisha aipunguze. Mkao wa muuguzi haukuwa tena swali la kwanza.

Utafiti uliofuata uliunga mkono mpangilio huo. Mwaka 1999 watafiti wa Ohio, Marekani, walipima mzigo unaoangukia uti wa mgongo wakati wa kumhamisha mgonjwa, wakakuta hatari ni kubwa hata wanaponyanyua wawili. Mwaka 2003 Sue Hignett alikusanya tafiti nyingi na kuonyesha kwamba mafunzo ya mbinu peke yake hayapunguzi majeraha. Mwaka 2007 Thomas Waters alipendekeza muuguzi asinyanyue zaidi ya kilo 16 hivi za uzito wa mgonjwa, hata katika mazingira mazuri. Mguu mmoja wa mtu wa kilo 100 hukaribia kiasi hicho.

Hata hivyo ushahidi haukuwashawishi wanasiasa wote. Kanuni ya Marekani kuhusu majeraha ya misuli na viungo kazini ilitolewa Novemba 2000, na Bunge la nchi hiyo likaifuta Machi 2001 kwa madai kwamba ingewagharimu mno waajiri. Lakini utafiti wa 2004 katika nyumba 6 za kutunzia wazee nchini humo ulionyesha kwamba dola zaidi ya 158,000 zilizotumika kununua mashine za kunyanyulia na kuwafunza watumishi zilirudi kabla ya miaka mitatu kwisha, kutokana na kupungua kwa fidia. Texas ilitunga sheria yake mwaka 2005.

Wapo waliovuka mpaka upande wa pili. Baadhi ya waajiri Uingereza walipiga marufuku kunyanyua kabisa, na wagonjwa wengine wakajikuta hawatolewi kitandani. Mwaka 2003 Mahakama Kuu, katika kesi ya East Sussex, iliamua kwamba marufuku ya jumla namna hiyo haikubaliki, kwani heshima ya mgonjwa nayo ina uzito wake. Naona uamuzi huo ulikuwa wa haki, japo wauguzi wengi waliupokea kwa hofu.

Huku kwetu Kigezi kuna historia nyingine ya kumbeba mgonjwa. Milimani ambako gari halikufika, wanakijiji waliunda vyama vya engozi, yaani machela ya kusukwa. Kila mwanachama alichangia, akabeba kwa zamu, na asiyetokea alitozwa faini. Hakuna aliyefundishwa namna ya kuumudu mlima peke yake. Uzito uligawanywa kwa kanuni. Vyama hivyo vilikuwa imara kiasi kwamba hospitali ya Kisiizi ilivitumia ilipoanzisha bima yake ya afya mwaka 1996.

Lakini engozi huishia mlangoni pa hospitali. Mgonjwa aliyeletwa na kundi zima la wanaume mara nyingi hupokewa na muuguzi mmoja wa zamu na jamaa aliyekuja kumuuguza, kando ya kitanda kisichopanda wala kushuka. Uganda ina sheria ya usalama na afya kazini tangu 2006, na muuguzi anaweza kuitaja anapodai mashine au msaidizi. Jamaa aliyeshika upande wa pili wa shuka si mwajiriwa, na mgongo wake haumo katika daftari lolote.