Mlanguzi wa Mninga

Mwaka 1964 kampuni ya Hasbro ya Marekani iliingiza sokoni mwanasesere wa askari aitwaye G.I. Joe, urefu wake inchi 12 hivi, mwenye viungo vinavyokunjika. Wenye kampuni waliliogopa neno mwanasesere. Walijua kwamba baba wa Kimarekani hatakubali kumnunulia mwanawe wa kiume kitu cha kuchezewa na wasichana, basi wakakibatiza jina jingine, tuseme sanamu ya vitendo. Kikagombewa kama mpira wa kona. Ilipotoka filamu ya Star Wars mwaka 1977, kampuni ya Kenner nayo ikaja na visanamu vidogo zaidi vya wahusika wake. Leo wako watu wazima huko ughaibuni, wenye kazi zao na familia zao, wanaokusanya majambazi wa katuni kabatini. Jambazi ambaye kiwanda kilimsahau wanamuunda wenyewe: wanakata mkono wa huyu, wanambandika yule, wanapaka rangi.

Nimeanza mbali makusudi, maana nami nimeunda wangu, hapa hapa Singida, na kazi hiyo imenirudisha kwenye historia ambayo wengi wetu tunaipita kwa haraka.

Sisi wa Bara hatukuwa na televisheni hadi mwaka 1994, wakati ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa nayo tangu mapema miaka ya 1970. Kwa hiyo wabaya wetu tuliwajua kwa karatasi. Gazeti la Uhuru lilikuwa na Chakubanga, mtoto wa kalamu ya Christian Gregory, na jina lake lilikolea hata wapo watu walioita katuni yoyote ile chakubanga. Baadaye likaja jarida la Sani, lenye Lodi Lofa, Madenge, Kipepe na yule laghai Ndumilakuwili. Mmoja wa wachoraji wake hodari, Philip Ndunguru, alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana. Nani kati yenu aliyesoma miaka hiyo hakumwazima jirani Sani akasahau kuirudisha?

Lakini mimi sikumuunda Ndumilakuwili. Huyo ana wenyewe, na kila aliyemsoma angekuja kunisahihisha. Niliyemuunda hana hata jina.

Nilimpata ukutani. Nyumba ya shangazi yangu wilayani Iramba ilikuwa tembe, na chumba cha wageni kilibandikwa magazeti kwa gundi ya uji wa unga, kama ilivyokuwa desturi ya watu wanaopenda chumba kiwe na mwanga. Tembe ilipobomolewa, mchwa walikuwa wamekwisha kula siasa yote na nusu ya michezo. Kikabaki kipande cha ukubwa wa kiganja: katuni ya miaka ya mwanzo ya 80, maneno yake yamekatika. Kuna foleni ya akina mama wenye vikapu mbele ya duka. Pembeni, karibu na mlango wa nyuma, amesimama bwana mfupi mwenye kitambi, miwani ya giza, mkoba kwapani, amevaa Kaunda suti. Anatabasamu. Ni mlanguzi.

Kwa vijana wanaonisikiliza, neno hilo lahitaji maelezo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Vita vya Kagera vikafuata, 1978 hadi 1979, na bei ya mafuta duniani ikapaa wakati ule ule. Fedha za kigeni zikaisha, viwanda vikakosa malighafi na vipuri. Wakati huo bei za bidhaa nyingi zilikuwa zikipangwa na Tume ya Bei, iliyoanzishwa mwaka 1973, na bidhaa zenyewe zikipitia mashirika ya umma kama zile RTC za kila mkoa. Sasa fikiri mwenyewe: sabuni ina bei halali ambayo kila mtu anaijua, na dukani haipo. Anayeweza kuipata kwa bei ya Serikali anaiuza gizani mara kadhaa ya bei hiyo. Huyo ndiye mlanguzi. Hakuhitaji mtaji mkubwa. Alihitaji kujuana.

Ndiyo maana ile Kaunda suti ilinishika. Mwenye duka wa miaka ile angechorwa na shati la mikono mifupi, au kanzu na baraghashia. Kaunda suti ilikuwa vazi la ofisini, vazi la mkurugenzi, la mjumbe, la mtu mwenye mhuri. Nionavyo mimi, mchoraji aliyafahamu hayo vizuri, na katika gazeti ambalo lisingeweza kuyaandika kwa maneno, akayapitisha kwa fundi cherehani. Sukari haitoki ghalani kwa miguu yake. Kuna mtu alitia sahihi.

Machi mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine akasimamia msako wa wahujumu uchumi nchi nzima, na Bunge likapitisha sheria maalumu ya uhujumu mwaka huo huo. Mimi nilikuwa mdogo, sijaanza shule, lakini waliokuwa wakubwa wanasimulia bila kuombwa: watu wakitupa marobota ya khanga vichakani usiku, wengine wakizika sabuni shambani, wengine wakimwaga mafuta ya kula chooni ili asubuhi wasikutwe nayo. Bidhaa ambazo wananchi walizipangia foleni ziliozea ardhini. Wapo wakosaji wa kweli walionaswa, na raia walishangilia, nami siwalaumu, maana aliyekosa sabuni miezi mitatu ana haki ya kushangilia. Wapo pia waliokamatwa kwa kuwa na magunia mawili ya ziada, au kwa sababu ya chuki za jirani, wakaachiwa baadaye.

Basi nikaenda kwa fundi seremala mmoja hapa mjini, si mbali na ziwa Kindai, nikamwonyesha kile kipande. Akakitazama, akanitazama. "Mwandishi, hiki ni kinyago au ni mdoli?" Nikamwambia nataka kisimame chenyewe, mikono inyanyuke, shingo igeuke. Akasema basi ni mdoli, lakini ataniandikia kinyago kwenye risiti, asichekwe. Nikawakumbuka wale wa Hasbro.

Mwili na kichwa alichonga kwa masalia ya mninga. Kwa viungo tulijaribu uzi wa katani, mkono ukawa unaning'inia kama wa mgonjwa. Dawa ikapatikana kwenye spoku ya baiskeli: unaipitisha begani toka upande mmoja hadi mwingine, unaikunja ncha, na katikati ya mti na mti unatia kipande cha ndala kilichokatwa duara. Ile raba ndiyo siri. Inakaba kiasi, kwa hiyo mkono ukiuinua unabaki pale ulipouacha. Miwani ni plastiki nyeusi ya kifuniko cha chupa, fremu yake ni waya wa shaba. Kitambi kilitupa tabu kuliko vyote, kwa sababu sanamu yenye tumbo mbele huanguka kifudifudi. Fundi akatoboa visigino vya viatu, akapigilia misumari mizito ndani. Mlanguzi akasimama.

Taabu nyingine ni ya mgongo. Mchoraji wa katuni anakupa upande mmoja tu. Mgongo wa mtu wangu hakuna aliyewahi kuuchora. Je, koti lake lilikuwa na mpasuko? Nywele alizinyoaje kisogoni? Mwenye kukusanya sanamu za Star Wars anarudisha filamu nyuma anatazama. Mimi nilikuwa na kipande cha kiganja kimoja. Nikaazima mgongo kwenye picha ya harusi ya ukoo wetu ya miaka hiyo, ambamo wajomba wanne wameipa kamera visogo wakigombea pilau.

Uso ndio uliotuletea mjadala. Shangazi, ambaye sasa amezidi miaka themanini, aliposikia ninachofanya alininunia. Katika mkoa wetu sura ya ubaya haichezewi ovyo. Wazee hawajasahau mauaji ya watu-simba ya miaka ya 1940, ambapo binadamu waliuawa kwa makucha yaliyoigizwa ya simba, na Serikali ya kikoloni ikafikisha watuhumiwa mahakamani. Nikamkumbusha kwamba Wamakonde walianza kuchonga mashetani miaka ya 1950 na ulimwengu ukanunua. Nikamwambia pia juu ya Mwaustria Hans Cory, aliyechapisha London mwaka 1956 kitabu kuhusu vinyago vya udongo vilivyotumika katika jando na unyago Tanganyika, ambavyo vilikuwa vyombo vya kufundishia: mwari anaonyeshwa kinyago, anaambiwa tabia. Kumbe hata sisi tulikuwa na sanamu za vitendo kabla ya Hasbro.

"Sikatai," akasema. "Lakini mwanangu, huyo umempa uso wa nani?"

Akanisimulia jambo ambalo sikupata kulisikia. Katika mji mdogo aliokuwa akiishi palikuwa na muuza duka mfupi, mnene, mwenye matatizo ya macho, ambaye daktari alimwandikia miwani ya giza. Magazeti yalipoanza kuchora walanguzi wa namna hii, watoto wakamkuta mtu wao. Wakamwimbia njiani. Msako ulipofika, alichukuliwa siku ya kwanza. Dukani walikuta viberiti, chumvi na katani. Alirudi baada ya wiki kadhaa, hakufungua tena duka, na miwani aliiacha; alikuwa akitembea amejikinga jua kwa kiganja.

Nilirudi kwa fundi. Tulikuwa tumekwisha kuchonga mashavu. Nikamwomba alainishe kwa msasa mpaka uso usimfanane mtu, abaki na tabasamu na miwani tu. Fundi alinung'unika kwamba namharibia kazi. Lakini ile Kaunda suti nilitaka ionekane vizuri, mifuko yote minne, na vifungo nilipaka rangi mara mbili.

Sokoine alifariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984. Mwaka huo huo sheria ile maalumu ikabadilishwa, na Serikali ikaruhusu wenye fedha zao nje kuagiza bidhaa bila kuulizwa walizipataje. Mwaka uliofuata akaingia Ikulu Mzee Ali Hassan Mwinyi, na mtaani akaitwa Mzee Ruksa. Rafu zikajaa. Na mlanguzi? Alitoweka katuni moja baada ya nyingine, wala hakufa. Mtu yule yule, mkoba ule ule, shughuli ile ile ya kununua hapa na kuuza pale kwa bei anayoiona inafaa, sasa aliitwa mfanyabiashara, akaalikwa kwenye harambee akaketi meza ya mbele. Mchoraji akabaki na kalamu lakini hana wa kumchora. Kwangu hilo ndilo linalomfanya mbaya huyu awe wa ajabu kuliko wote: hakushindwa na shujaa, aliondolewa na hotuba ya bajeti.

Ule mkoba fundi aliutengeneza kwa bati la kopo la mafuta ya alizeti, una bawaba, unafunguka. Ndani nimeweka kipande cha sabuni ya mche, ukubwa wa ukucha. Mjukuu wa shangazi, yuko darasa la nne, ameshaufungua na kuufunga mara ishirini. Jana akanusa ile sabuni, akaniuliza:

"Baba mdogo, ndiyo hii tu iliyomfunga?"